Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Elimu na Afya Mkoani Tanga: Mtoto Mwenye Kifafa Arudishwe Uwanjani

Kwa Afisa Elimu wa Jiji, Afisa Michezo, Mganga Mkuu wa Mkoa, na wenyeviti wa kamati za shule.

YAH: KUZUIWA KWA WANAFUNZI WENYE KIFAFA KUSHIRIKI MICHEZO SHULENI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi katika miaka 32 niliyokuwa mwalimu wa shule za msingi na msimamizi wa michezo, na aghalabu niliiandika nikiwa upande wa ofisi. Leo naiandika nikiwa upande wa pili wa meza, mstaafu niishiye Ngamiani, na babu wa binti wa miaka 13 ambaye shule yake imemwandikia barua ya mistari minne ikisema kwamba, kwa usalama wake, asishiriki mchezo wowote, mazoezi yoyote wala mchakamchaka wa asubuhi. Jina la shule silitaji, kwa kuwa naamini barua ya namna hiyo ingeweza kutoka katika shule nyingi za mkoa huu, na kwa kuwa mwalimu aliyeitia saini hakufanya kwa chuki.

Binti huyu alianza kuanguka akiwa na miaka tisa. Tulipita kwanza njia ambazo familia nyingi za pwani huzipita: alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Qurani, akafukizwa, akapelekwa kwa mtu aliyesema kuna kiumbe cha baharini kimempenda. Kliniki ilikuja mwisho, na nakiri kwamba ilipaswa kuja mwanzo. Sasa anameza kabamazepini asubuhi na jioni, mama yake huhesabu vidonge kila Ijumaa, na imepita miezi saba bila ya kifafa kumshika. Katika miezi hiyo saba amekuwa mfungaji wa netiboli anayetegemewa, akachaguliwa kuingia kikosi cha kata kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kabla ya kambi aliulizwa kama ana maradhi yoyote. Akasema ukweli, kwa sababu alihitaji mtu wa kumkumbusha dawa ya jioni. Siku ya pili yake jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Nilikwenda shuleni kuuliza. Mwalimu wa michezo, kijana mwenye adabu, aliniamkia, akanipa kiti, kisha akaniambia: “Mwalimu, akianguka uwanjani mbele ya watu wote wale, mimi nitajibu nini?” Sikuwa na ukali wa kumjibu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilimtoa kikosini mvulana mmoja, winga wa kulia mwenye mbio zisizo za kawaida, baada ya kuanguka mara moja darasani. Nilimwambia akae chini ya mwembe atunze nguo za wenzake. Hakukaa sana; aliacha shule, akaanza kwenda baharini na wajomba zake kwa ngalawa, na hakuna mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyefikiri kumkataza hilo. Alizama akiwa na miaka 17, peke yake, katika maji ambayo mtu mzima angesimama yakamfika kifuani. Siwezi kusema kwamba mpira ungemwokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba tulimkataza nchi kavu tukamwachia maji, na tukaita jambo hilo usalama.

Hoja yangu yote imo katika sentensi hiyo, na ninaomba mnivumilie niieleze kwa kirefu.

Nikianza na sayansi, katazo hili tunalolitumia Tanga si letu peke yetu, wala si la kijinga kwa asili yake. Mwaka 1968 chama cha madaktari cha Marekani chenyewe kilishauri watu wenye kifafa wasicheze michezo ya kugongana miili, kwa hofu kwamba pigo la kichwa au uchovu ungeleta degedege. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1974, msimamo huo ulilegezwa, kwa kuwa ushahidi wa madhara yaliyohofiwa haukuonekana kwa kiwango kilichodhaniwa. Na mwaka 2016 jopo la Jumuiya ya Kimataifa ya Kupambana na Kifafa, ambayo ndiyo taasisi kuu ya madaktari wa ugonjwa huu duniani, lilitoa mwongozo unaoigawa michezo katika makundi matatu kwa kuangalia swali moja la msingi: mtu akipoteza fahamu ghafla katikati ya mchezo huu, nini kitamfika, yeye na walio karibu naye?

Kundi la kwanza ni la michezo isiyoongeza hatari ya maana. Humo mmo mbio za uwanjani, mpira wa miguu, mpira wa kikapu, mpira wa wavu, kriketi, tenisi, mpira wa meza, hata raga na judo. Kundi la pili ni la michezo yenye hatari ya wastani kwa mchezaji mwenyewe, nayo ni pamoja na kuogelea, kuendesha baiskeli, sarakasi za mazoezi ya viungo, kunyanyua vyuma, ngumi na karate. La tatu ndilo la hatari kubwa, kama kupanda miamba, kuzamia baharini kwa mitungi ya hewa, kuteleza juu ya mawimbi, kusafiri kwa mashua peke yako, na mashindano ya magari. Netiboli sikuiona kwa jina lake katika orodha hiyo, lakini kwa mwenye kujua mpira wa kikapu hapana haja ya kubishana ikae kundi lipi. Mchakamchaka nao ni mbio za pole zenye nyimbo, juu ya mchanga, katikati ya watu mia mbili. Kama kuna mahali salama pa kuanguka mkoani Tanga, ni hapo.

Mwongozo huo hausemi kwamba kila mtu acheze kila kitu. Unataka itazamwe aina ya kifafa alichonacho mtu, mara ngapi kinamshika, kama anapoteza fahamu au la, kama hupata dalili za kumtahadharisha kabla, na kama humjia usingizini tu au mchana. Kwa mtu ambaye bado anaanguka na kupoteza fahamu, hata michezo ya kundi la kwanza huamuliwa na daktari wake. Kwa aliyekaa miezi 12 bila kushikwa, milango mingi hufunguka. Yaani kipimo ni mtu na mchezo wake, si jina la ugonjwa. Barua ya mistari minne haikupima kitu hata kimoja katika hivyo.

Sasa kuna swali la wazi ambalo mzazi yeyote ataniuliza: je, kukimbia na kutoka jasho si ndiko kunakoamsha kifafa? Hofu hii ina chanzo kinachoeleweka. Daktari anapotaka kukiona kifafa cha aina fulani katika kipimo cha umeme wa ubongo humwambia mgonjwa aliyeketi ahemee kwa nguvu kwa dakika chache, na kweli kifafa hicho huweza kujitokeza. Basi watu husema, akikimbia si atahema vivyo hivyo? Lakini kuhema huku na kule si kitu kimoja. Aliyekaa kitini akahema kwa nguvu huitoa hewa ya kaboni dayoksaidi mwilini kupita kiasi, damu ikabadilika, na chembe za ubongo zikawa nyepesi kuchokozeka. Anayekimbia huitengeneza hewa hiyo hiyo kwa wingi misulini, na kuhema kwake ni kuitoa ile ya ziada tu, kwa hiyo mizani ya damu haielemei upande ule. Watafiti waliopima umeme wa ubongo wakati wa mazoezi wamekuta kwamba kwa wengi milipuko midogo ya kifafa hupungua au hubaki vilevile mtu akiwa anajishughulisha. Kwa baadhi huongezeka kidogo anapopumzika baada ya hapo. Neno hilo la mwisho ni la kuzingatiwa na walimu: dakika za baada ya mchezo, mtoto asiachwe aende peke yake kisimani kunawa.

Kuna kundi dogo ambalo mazoezi yenyewe huwachokoza, na si haki kulificha. Nchini Norway, katika uchunguzi wa wagonjwa 204 uliochapishwa mwaka 1999, mmoja kati ya kumi hivi alisema amewahi kushikwa wakati wa mazoezi, na waliokuwa wakishikwa katika zaidi ya nusu ya mazoezi yao walikuwa kama asilimia 2. Katika uchunguzi huohuo, zaidi ya theluthi moja ya watu walieleza kwamba mazoezi ya mara kwa mara yanawasaidia kukidhibiti kifafa chao. Miaka mitano kabla ya hapo, nchini humohumo, wanawake 15 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza walifanyishwa mazoezi ya kucheza kwa muziki, saa moja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 15. Kiwango cha kati cha kushikwa kilishuka kutoka 2.9 kwa wiki hadi 1.7. Wanawake 15 ni wachache mno kujengea sera, nami sitaki kuwauzia matumaini. Na tafiti nyingine ndogo, ikiwamo moja ya Marekani ya wiki 12, hazikuona mabadiliko katika idadi ya kushikwa, ingawa watu walijisikia vizuri zaidi. Nikiziweka pamoja, nasema hivi: hakuna ajuaye kuahidi kwamba mazoezi yatapunguza kifafa cha mtoto fulani, lakini aliyeandika kwamba yatakizidisha ndiye mwenye deni kubwa zaidi la ushahidi.

Uswidi nako walichukua kumbukumbu za vijana wa kiume zaidi ya milioni moja waliopimwa afya walipoingia jeshini wakiwa na miaka 18, wakawafuatilia kwa miaka mingi. Waliokuwa na pumzi ndogo na mwili dhaifu walikuja kupata kifafa ukubwani karibu mara 1.8 kuliko waliokuwa na mwili wa mazoezi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba mazoezi ni kinga, maana huenda kuna jambo jingine nyuma ya udhaifu ule. Lakini maabara za São Paulo, Brazil, ambako kundi la Ricardo Arida limefanya kazi hii kwa miongo kadhaa kwa panya waliotiwa kifafa, zimeonyesha panya waliozoezwa kukimbia wakishikwa mara chache zaidi. Wanasayansi wanataja sababu kadhaa zinazowezekana: kemikali inayotuliza chembe za ubongo, iitwayo GABA, homoni za msongo kushuka, usingizi kuwa mzuri zaidi. Mimi si daktari, nitaishia hapo.

Kuna faida nyingine ambazo hazina ubishi. Dawa tunazowapa watoto hawa, fenobabito, fenitoini, kabamazepini na valproeti, zikitumiwa kwa miaka mingi huweza kudhoofisha mifupa, na valproeti huongeza uzito kwa wengi. Mifupa hukazwa kwa kuruka na kukimbia. Sonona huwapata wenye kifafa zaidi kuliko watu wengine, na hapo sihitaji utafiti wa Norway, kwa kuwa nimemwona binti aliyekuwa akirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi sasa akirudi saa nane mchana, akivua viatu polepole, akilala akiangalia ukuta.

Turudi Tanga yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo, waheshimiwa, tunazungumza juu ya watoto waliopo katika madarasa yenu asubuhi hii, ambao wengi wao hamwajui, na hamwajui kwa sababu wanafichwa. Hapa ndipo katazo linapofanya ubaya wake mkubwa. Mjukuu wangu ameadhibiwa kwa kusema ukweli, na wenzake wote kikosini wameona. Mwakani, mtoto mwingine mwenye ugonjwa huohuo ataulizwa swali lilelile kabla ya kambi, naye atajibu kwamba hana ugonjwa wowote; ataficha vidonge ndani ya soksi, atakosa nafasi ya kuvimeza mbele ya wenzake, atakesha kwa shamrashamra za kambi, atakimbia juani bila kunywa maji ya kutosha, na akianguka hapatakuwa na mtu uwanjani ajuaye kinachoendelea. Kukosa dawa, kukosa usingizi na homa, hasa ya malaria, ni vichokozi vya kifafa vinavyojulikana vizuri kuliko mpira. Katazo halimwondoi mtoto mwenye kifafa uwanjani. Humwondoa mkweli tu.

Na wakati tukimzuia mkweli huyo asidake mpira, yale yenye hatari ya kweli hatuyaoni. Mtoto huyu anatumwa kuteka maji kwenye kisima kisicho na ukingo. Anatumwa jikoni kukaa juu ya moto wa kuni na sufuria ya maji ya ugali. Mvulana wa umri wake anatumwa kukwea mnazi kuangua madafu. Mji wetu huu unajulikana kwa baiskeli zake, na watoto wanapakizana kwenda shule katikati ya bajaji na malori. Baiskeli imo katika kundi la pili la mwongozo nilioutaja, lakini sijawahi kusikia barua ya shule yoyote ikiigusa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alipofungua kliniki ya kifafa huko Mahenge, Morogoro, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwani waliangukia mekoni, na waliokuwapo wakaogopa kuwagusa wakidhani povu linaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kushikana. Lakini moto na maji vinaua, na takwimu za nje zinaonyesha kwamba mtu mwenye kifafa ana hatari ya kuzama maji mara 15 hadi 19 zaidi ya mtu mwingine.

Nasisitiza maji kwa sababu sisi ni watu wa bahari. Jumamosi jioni Raskazone imejaa watoto, na sitegemei mtu kuwafungia ndani watoto wa Tanga wasioge baharini. Wala sitaki. Kuogelea si haramu kwa mwenye kifafa aliyetulia. Ila aogelee na mtu mzima ajuaye kuogelea, ajuaye pia kwamba huyu ana kifafa, aliye naye majini na si aliyekaa ufukweni na simu yake. Abaki kwenye maji ya kina kifupi, asipige mbizi, asiende kwenye mikondo. Ni maneno machache, na sijaona hata moja limebandikwa ukutani katika shule niliyofundisha.

Waheshimiwa, sasa naomba mambo matatu. Kwa mizani ya bajeti ni madogo.

La kwanza ni waraka wa ofisi ya elimu utakaokomesha katazo la jumla na kuweka mahali pake fomu moja ya ukurasa mmoja, ijazwe na kliniki inayomtibu mtoto na kutiwa saini na mzazi. Fomu hiyo iseme kifafa ni cha aina gani, kilimshika lini mara ya mwisho, anatumia dawa gani na saa ngapi, michezo gani ameruhusiwa, ipi aifanye kwa uangalizi na ipi aache kwa sasa. Irejewe kila muhula, maana mtoto hubadilika. Anayeanza dawa leo, au ambaye dawa yake imebadilishwa juzi, hana budi kusubiri; nami nitakuwa wa kwanza kumwambia mzazi wake asubiri. Jambo moja lisisahaulike katika waraka huo: fomu ibaki kwa mwalimu wa michezo na matroni, isibandikwe ubaoni.

La pili ni mafunzo ya nusu siku kwa walimu wa michezo, na hapa namwelekea Mganga Mkuu wa Mkoa. Yule kijana aliyeniuliza atajibu nini alikuwa akisema kwamba hajui la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya hukataza. La kufanya linajulikana, na linakaa katika kichwa cha mtoto wa darasa la tano: tazama saa, ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa chake, legeza kola, mlaze ubavu mate yatoke, baki naye mpaka fahamu zimrudie, kisha zungumza naye kwa upole, kwa kuwa ataamka akiwa amechanganyikiwa na ameona haya. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kidole wala kijiti mdomoni, maana hawezi kuumeza ulimi wake, lakini anaweza kuvunja meno yake au kidole chako. Usimnusishe kiatu wala njiti ya kibiriti. Mpeleke hospitali ikiwa degedege limepita dakika tano, ikiwa linarudi kabla hajapata fahamu, ikiwa ameumia, ikiwa ameshikwa akiwa majini, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza. Ukiacha hizo, degedege nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika mbili tatu, na mchezo unaweza kuendelea upande wa pili wa uwanja.

La tatu ni dawa, kwa sababu hata fomu nzuri haifai kitu dirisha la dawa likiwa tupu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kushikwa wakipimwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa ya bei nafuu ya kifafa huweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 kwa mwaka mzima. Hata hivyo mama wa mtoto huyu amewahi kuzunguka na cheti siku mbili, akiambiwa arudi wiki ijayo, na kuacha dawa ghafla ndiko kunakoweza kumwangusha mtoto kuliko mechi kumi za netiboli. Naomba pia kliniki zetu ziseme na wazazi kabla ya Ramadhani kuhusu saa za dawa, kwa vijana wanaofunga, maana wengine huamua wenyewe kuruka dozi ya asubuhi. Fenobabito huweza kumezwa mara moja kwa siku, usiku, lakini si kila dawa iko hivyo, na uamuzi wa kufunga au kutofunga ufanywe na mtu aliyekwisha kuelezwa.

Pengine mtaniambia kwamba mkoa una shida kubwa zaidi ya watoto wachache wa netiboli. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, mwezi Mei 2022, uliupitisha mpango wa dunia wa kifafa na magonjwa mengine ya neva wa mwaka 2022 hadi 2031, na nchi wanachama zilikubaliana nao. Mpango wa miaka kumi huanzia mahali fulani, na ofisi ya kata ni mahali pazuri kuliko nyingi.

Nitataja watu wawili, si kwa kuwa mjukuu wangu atafika walikofika. Dai Greene wa Uingereza alitwaa medali ya dhahabu ya dunia ya mbio za mita 400 kuruka viunzi mjini Daegu mwaka 2011, na ana kifafa. Marion Clignet, aliyegundulika na kifafa akiwa na miaka 22, aliliendeshea baiskeli taifa la Ufaransa na kupata medali za fedha za Olimpiki za mwaka 1996 na 2000. Baiskeli, tena, ni ya kundi la pili. Alifika huko akiwa na ugonjwa huo, si kwa kuwa hakuwa nao.

Kuhusu mjukuu wangu, daktari anayemwona ameandika kwa mkono wake kwamba netiboli na mbio anaruhusiwa, baiskeli barabarani bado, na baharini aende na mtu mzima. Karatasi hiyo niliipeleka shuleni Jumatatu. Mwalimu aliisoma mara mbili, akasema kwamba kwa upande wake hana tatizo, ila hawezi kumrudisha mtoto kikosini bila ya maandishi kutoka juu. Ndiyo maana nimewaandikia. Kikosi cha kata kinaanza mazoezi ya mwisho Jumatano ijayo saa kumi jioni, na nafasi ya mfungaji, kwa jinsi nilivyoambiwa, haijajazwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.

Nakala: Mwalimu Mkuu wa shule husika, kwa mkono.